Mnatutangazia Kilo, Tutangazieni na Vifo

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera. Na Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya za Ngara na Biharamulo

Waheshimiwa,

Mimi ni tabibu mstaafu. Nimetumika katika zahanati na vituo vya afya vya wilaya hizi mbili, na sasa nahudumia kahawa na migomba yangu kama wenzangu wa hapa Ngara. Sina cheo, wala hakuna chama ninachokisemea. Nina malalamiko, na kwa kuwa nimeyasema kwa mdomo katika mikutano ya kijiji na ya kata bila kuyaona yakipanda ngazi, leo nayaweka hadharani.

Kila Mamlaka inapoita waandishi wa habari tunasikia kilo. Desemba 2023 tulitangaziwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini zilizokamatwa Dar es Salaam na Iringa. Tulifurahi, maana kazi ile ni ya hatari na waliifanya vijana wetu. Kwa mwaka mzima wa 2023 hesabu ilikaribia kilo milioni 2, sehemu kubwa ikiwa bangi na mirungi, na mlitusomea hadi desimali. Ninachokisubiri hadi leo ni sentensi moja fupi katika matangazo hayo: mwaka huu, katika Mkoa wa Kagera, watu kadhaa wamekufa kwa kuzidisha dawa, na hivi ndivyo tutakavyopunguza idadi hiyo mwakani.

Kilo zinaonyesha kilichokamatwa. Mtu anauawa na kile kilichopita.

Najua jibu linalokuja haraka: Ngara si Kinondoni, na Biharamulo haina maskani za mateja. Sawa. Lakini ifungueni ramani. Barabara kuu inayotoka bandarini inapita Isaka na Kahama, inaingia Nyakanazi, inafika Lusahunga, inapita Nyakahura na Benaco, kisha inagawanyika: huku Rusumo kwa Wanyarwanda, huku Kabanga kwa Warundi. Malori yanalala njiani. Gesti zimejaa. Kuna machimbo ya dhahabu Biharamulo na vijana wenye fedha ya leo isiyo na mpango wa kesho. Mahali pa namna hiyo hapahitaji maskani ili mtu afe. Chumba kimoja cha gesti chenye mlango uliofungwa kwa ndani kinatosha.

Hoja zangu ni hizi.

1. Kijiji si kliniki, na kumrudisha mtu kijijini bila tiba kunaua.

Nitakaa sana hapa, kwa sababu jambo hili nimeliona likijirudia na sijawahi kulisikia likisemwa na mkubwa yeyote.

Kijana wa kwetu aliyezoea unga, yaani heroini, kwa kawaida hakuanzia hapa. Aliondoka kutafuta maisha Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, akawa utingo, mpiga debe au saidia fundi. Mambo yakimharibikia, ndugu wanachangishana nauli na kumrudisha nyumbani. Wazazi wanaamini kijiji kitamtibu: marafiki wabaya wako mbali, jembe liko mkononi, uji upo asubuhi na maombi jioni. Arosto inampitia akiwa amefungiwa chumbani. Anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, halali usiku wala mchana. Wiki mbili zikipita anaanza kula. Mama anatoa shukrani kanisani au msikitini. Majirani wanasema amepona.

Hapo ndipo kifo kinapomkaribia kuliko wakati wowote. Mwili uliokuwa umezoea kete kadhaa kwa siku umeshapoteza uzoefu huo, ila kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Siku anapopata nauli ya kurudi mjini, au anapokutana stendi na mtu mwenye kete moja, atatumia kile alichokuwa akitumia. Kipimo kile kile ambacho mwaka jana kilimtuliza tu, mwaka huu kinamzima pumzi. Ndivyo inavyokuwa pia kwa anayetoka gerezani. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba wiki za mwanzo baada ya kuachiwa ndizo zinazoua waraibu kuliko nyingine. Familia inapokea taarifa kwamba kijana amefia mjini, inasema mji umemmaliza, na hakuna anayeuliza miezi ile ya kijijini ilimfanya nini.

Dawa ya kuzuia hili nchi hii inayo, tena kwa sifa. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza Tanzania Bara, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinabishana kama mraibu ni mgonjwa au mhalifu. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha mikoa mingine, ikiwemo Mbeya na Mwanza. Anayekunywa methadoni kila siku hapati arosto, hahangaiki kutafuta kete, na mwili wake haupotezi uzoefu ghafla. Wengi wamerudi kazini na kwenye ndoa zao.

Lakini methadoni inanywewa kila siku mbele ya muuguzi. Kwa Kanda ya Ziwa, kliniki ambayo watu wetu wanaelekezwa ni ya Hospitali ya Sekou Toure, Mwanza. Kijana wa Rulenge atafikaje Sekou Toure kila asubuhi? Hata baada ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, hiyo ni safari ya kutwa na nauli ambayo baba yake anaipata akiuza mbuzi. Maana yake ni kwamba akitaka tiba sharti ahamie mjini akaishi mtaani, yaani kule kule tulikomwondoa.

Siombi kliniki kila kata. Naomba kituo kimoja cha kunyweshea dozi Ngara na kimoja Biharamulo, ndani ya hospitali zilizopo, vikisimamiwa na kliniki kubwa. Mgonjwa aanzishiwe dawa mjini, akishatulia ahamishiwe nyumbani kama tunavyowahamisha wagonjwa wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kazi hiyo tumeifanya kwa miaka mingi, na rejista zake tunazijua kwa macho yaliyofumbwa.

Wakati tunasubiri vituo hivyo, kuna jambo lisilo na gharama. Waambieni wazazi. Waambieni mapadri, wachungaji, masheikh, makatekista na wenye nyumba za upataji nafuu kwamba mtu aliyekaa bila dawa wiki kadhaa anaweza kufa kwa nusu ya kipimo chake cha zamani. Radio Kwizera inasikika hapa hadi shambani. Dakika mbili za tangazo kila jioni zinatosha kuanzia.

2. Naloksoni ikae mahali watu wanapozimikia.

Nawaandikia viongozi, ila barua hii itasomwa pia na wenzangu wa mtaani, hivyo nieleze kidogo. Heroini, mofini, tramadoli na ndugu zao hawaui kwa kupasua moyo. Wanauambia ubongo usahau kupumua. Mtu anapumua polepole, mara moja, kisha baada ya muda mrefu mara nyingine. Midomo inageuka rangi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, na koo linatoa mkoromo mzito. Naloksoni inaing'oa dawa hiyo mahali ilipokaa kwenye ubongo na pumzi inarudi ndani ya dakika chache. Inachomwa sindano au kupulizwa puani. Ukimpa mtu ambaye kumbe hakutumia dawa za jamii hiyo, haimdhuru. Nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa hiyo mgonjwa lazima afikishwe hospitali, maana anaweza kuzimika tena.

Sasa fikirini nani anamkuta mtu huyo. Si daktari. Ni mhudumu wa gesti anayegonga mlango saa nne asubuhi. Ni utingo mwenzake ndani ya kichwa cha lori. Ni bodaboda aliyeitwa ambebe. Wote hao wanasikia mkoromo na wanasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka: mwacheni alale, akiamka atakuwa sawa. Wengine wanamnywesha maziwa. Waheshimiwa, katika vijiji vyetu maziwa yamegeuzwa dawa ya kila sumu. Mtu asiye na fahamu anamiminiwa nusu lita kooni, maziwa yanaingia kwenye mapafu, na yule aliyekuwa na nafasi ya kupona anakufa kwa huduma ya kwanza. Anayekoroma hivyo alazwe ubavu, kinywa kiangaliwe, asinyweshwe chochote, apulizwe pumzi kama hapumui. Hili nalo halina bei.

Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2014 kwamba yeyote anayeweza kumshuhudia mtu akizidisha dawa awe na naloksoni na afundishwe kuitumia. Halikusema daktari peke yake. Kwetu bado hatujafika hata kwa daktari. Mheshimiwa Waziri, nakuomba usiniamini mimi: piga simu leo usiku, bila kutoa taarifa, kwa wauguzi wa zamu wa vituo vya Lusahunga, Nyakanazi, Nyakahura, Benaco, Rulenge, Kabanga na Rusumo, uwaulize naloksoni iko kabati gani na muda wake wa matumizi unaisha lini. Majibu utakayopata yawe mwanzo wa mpango wenu.

Wamarekani walijifunza kwa gharama ya kutisha. Kule kila jimbo lina sheria zake za afya, na New Mexico lilitangulia mwaka 2001 kuwakinga kisheria wanaogawa naloksoni, kisha mwaka 2007 likamkinga anayepiga simu kuomba msaada ili asishtakiwe kwa kete iliyokutwa chumbani. Majimbo mengine yalijivuta. Fentanili, ndugu wa heroini mwenye nguvu zaidi, ikaingia. Kuanzia 2021 hadi 2023 walikuwa wanazika zaidi ya watu 100,000 kila mwaka kwa kuzidisha dawa. Machi 2023 ndipo serikali yao ilipokubali naloksoni ya puani iuzwe dukani bila cheti, na mwaka 2024 vifo vilishuka hadi karibu 80,000. Sababu za kushuka huko ni nyingi na wataalamu wanabishana, lakini sijamsikia hata mmoja aliyesema waliigawa mno. Tunaweza kuanza sasa, wakati tatizo letu bado linaingia kwenye daftari moja.

Ombi: naloksoni kwenye kila kituo cha afya na zahanati ya barabara kuu, kwenye kila gari la wagonjwa, na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao Serikali ilianza kuwaajiri kwa mpango uliozinduliwa Januari 2024. Wahudumu wa gesti na viongozi wa bodaboda wapewe mafunzo ya siku moja. Hospitali zetu zenye vyumba vya upasuaji zinaihitaji hata bila waraibu, maana mofini tunaitumia kwa wagonjwa wetu wenyewe.

3. Vidonge vinavyouzwa kama pipi.

Hili fupi. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, umeokoa watu wengi vijijini na siungani na wanaotaka maduka hayo yafungwe. Lakini tramadoli na diazepamu hazitakiwi kutoka bila cheti, na kijana wa machimboni atakwambia anavyozipata. Anameza ili mgongo usimuume na zamu isimshinde. Jioni anaongeza pombe juu yake. Vidonge hivyo na pombe vikikutana, kila kimoja kinakandamiza pumzi, na tramadoli ikizidi inaleta hata degedege kwa mtu mzima.

Mkaguzi akija anamkamata binti wa dukani. Mzigo haukuanzia kwa binti wa dukani. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Baraza la Famasi wafuate karatasi kurudi nyuma hadi kwa muuzaji wa jumla: nani aliuza makopo mangapi, kwa duka gani, kwa cheti kipi. Hiyo ni kazi ya kalamu.

4. Gongo mnaimwaga, sumu yake hamuipimi.

Hapa najua nitawaudhi baadhi yenu, na baadhi ya majirani zangu pia. Kwetu rubisi, pombe ya ndizi, ni kinywaji cha heshima. Bila rubisi posa haizungumziki na msiba haukai vizuri. Gongo ni mtoto wa rubisi aliyekataliwa na sheria. Tangu Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 kuitengeneza bila leseni ni kosa, na tangu mwaka huo askari wanavunja mitungi na kumwaga mapipa. Anayekamatwa mara nyingi ni mama mjane anayesomesha. Akitoka mahabusu anapika tena, safari hii porini zaidi, usiku zaidi, na kwa haraka zaidi.

Mnywaji wa gongo anakufa kwa njia mbili. Moja ni kunywa kupita kiasi: chupa nzima kwa kubetiana, kisha pumzi inazima kama ile ya unga. Nyingine ni methanoli, hasa pale mfanyabiashara anapochanganya spiriti ya viwandani ili mzigo uongezeke. Methanoli haina harufu ya kukutahadharisha na haikulevyi haraka, kwa hiyo mtu anaongeza. Kesho yake tumbo linamsokota, macho yanaona ukungu, kisha hayaoni. Kidogo tu kinapofusha, na kikiongezeka kidogo kinaua.

Msiseme haya ni ya mbali. Kabale, ng'ambo ya mpaka wetu wa Uganda, watu wapatao 80 walikufa Aprili 2010 kwa waragi ya ndizi iliyochanganywa na methanoli. Ndizi zile zile, pishi lile lile. Nairobi, katika mtaa wa Mukuru, zaidi ya watu 130 walikufa Novemba 2000. Mei 2014 kaunti kadhaa za Kenya zilizika watu wao kwa makumi ndani ya siku chache. Na Februari 2024 huko Kirinyaga ikatokea ya kustaajabisha: pombe iliyoua watu zaidi ya 10 ilielezwa kuwa kielelezo kilichoibwa kituo cha polisi. Huko hata kilichokamatwa kiliua.

Biharamulo ikipata mkasa wa namna hiyo usiku wa leo, mgonjwa wa kwanza atafika hospitali akisema haoni vizuri, na wa pili atapelekwa kwa mganga wa kienyeji kwa kudhaniwa amerogwa macho. Tiba ipo, na inaanza na jambo linalowashangaza watu: pombe safi ya ethanoli, ikitolewa kwa kipimo na kwa usimamizi wa daktari, inaizuia methanoli isigeuke sumu mwilini hadi itolewe, palipo na fomepizoli ni bora zaidi, na waliozidiwa wanahitaji kusafishwa damu. Ila tiba hiyo inamfaa aliyefika mapema kwa daktari aliyefikiria methanoli.

Ombi: hospitali za Nyamiaga, Murgwanza, Rulenge na Biharamulo ziwe na mwongozo wa methanoli ukutani na dawa kabatini. Kiwepo kipimo cha kupima gongo inayokamatwa kabla ya kumwagwa, kwa sababu pipa lenye sumu lina ndugu zake mapipa mengine. Na iwe amri: watu wawili wa kijiji kimoja wakipoteza uwezo wa kuona siku moja, taarifa ifike wilayani siku hiyo hiyo.

5. Ondoeni polisi kati ya mgonjwa na kitanda.

Ndugu za mtu aliyezidisha wanaogopa mambo mawili. La kwanza ni PF3, fomu ya polisi. Imezoeleka mno kwamba mwenye jeraha au sumu apitie polisi, kiasi kwamba watu wanampakia mtu asiyepumua kwenye bodaboda na kumpeleka kituoni kuchukua karatasi. Nimeona familia ikifika na karatasi iliyopigwa muhuri vizuri na mgonjwa aliyekwisha poa. La pili ni Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu akikutwa na vidonge vilivyomzidi, nani ajuaye kama alikusudia? Basi anafichwa. Anauguzwa chumbani, kwa maziwa.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao kinachofanana na hicho kinapingana na katiba yao. Sisi tuna Bunge letu na njia zetu, na sitegemei sheria ibadilike kwa barua ya mstaafu. Waraka mmoja, hata hivyo, uko ndani ya uwezo wa Waziri na Mkuu wa Mkoa: aliyezidisha dawa, pombe au sumu atatibiwa kwanza, PF3 itafuatwa baadaye na kituo chenyewe, na aliyemleta hataulizwa kete ilitoka wapi akiwa bado anahema mlangoni. Waraka huo ubandikwe mapokezi, kwa herufi kubwa. Na namba 119 ya Mamlaka, ambayo tunaambiwa tuitumie kutoa taarifa za wauzaji, isemwe wazi kama inapokea pia simu ya mama anayeuliza afanye nini na mwanawe anayekoroma.

6. Hesabuni vifo. Biharamulo mlionyesha mnaweza.

Januari 2025 ugonjwa wa Marburg uliingia Biharamulo. Wiki ile ya mwanzo tuliambiwa sampuli hazina kirusi. Siku chache baadaye, tarehe 20, Mheshimiwa Rais alisimama Dodoma akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani na kutangaza kwamba ugonjwa upo. Kilichofuata nakikumbuka kwa fahari. Wataalamu walishuka, maabara ikasogezwa Kagera, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa nyumba kwa nyumba, wasafiri wakapimwa joto mipakani. Tarehe 13 Machi ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Watu 10 walikufa.

Tazameni jinsi hao 10 walivyohesabiwa. Wawili tu ndio waliothibitishwa na maabara. Wanane walikuwa wamekwisha kufa bila kipimo. Wapelelezi wa magonjwa walikaa na familia, wakauliza dalili, wakafuatilia nani alimuuguza nani, wakawaingiza kwenye hesabu kama waliowezekana sana kufa kwa Marburg. Kwa hiyo msiniambie kwamba kifo cha nyumbani hakihesabiki.

Kijana akifa chumbani kwa kuzidisha, kwenye daftari tunaandika nini? Nimeona "moyo kusimama". Nimeona "ghafla". Nimeona nafasi tupu. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, toleo la kumi, una alama za vifo hivi: X42 kwa dawa za kulevya, X45 kwa pombe, na nyingine kwa vidonge mbalimbali. MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, inaweza kuzipokea. Kinachokosekana ni mtu wa kumwagiza tabibu aziandike na wa kuiuliza familia maswali machache kwa upole kabla ya tanga kuanuliwa. Familia zinaficha kwa aibu, kweli, na za Marburg nazo ziliogopa mwanzoni. Zilizungumza zilipoona anayeuliza amekuja kusaidia waliobaki hai.

Bila hesabu hiyo, Waheshimiwa, maombi yangu yote matano ya juu yatajibiwa kwa neno moja la bajeti: hakuna takwimu. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote ya kazi. Zahanati haipewi dawa kwa kuwa haina wagonjwa kwenye rejista, na haina wagonjwa kwenye rejista kwa kuwa watu hawaji mahali pasipo na dawa.

Najua kila mmoja wenu ana foleni ya matatizo mezani: malaria haijaisha, kina mama wanakufa kwa kujifungua, na Kagera imeonja Marburg mara mbili ndani ya miaka miwili. Siombi haya yasukumwe nyuma. Mengi niliyoyataja ni waraka, tangazo la redio, katoni chache za dawa isiyo na hataza, na safu moja zaidi kwenye rejista. Kituo cha methadoni ndicho chenye gharama ya kweli, na hicho naomba kiingie kwenye mpango wa bajeti ya mwaka wa fedha ujao, kikianzia Biharamulo, kwa sababu Lusahunga na Nyakanazi ndizo njia panda.

Wakurugenzi wa halmashauri zetu, nawaomba barua hii iwekwe kwenye kabrasha la kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na madiwani wa Kasulo, Rusumo, Kabanga, Lusahunga na Nyakahura waulizwe walichokiona katika kata zao. Kamishna Jenerali, nakuomba mkutano wako ujao na waandishi wa habari uwe na mstari mmoja wa vifo, mkoa kwa mkoa, chini ya mstari wa kilo. Na ikiwa jibu la Kagera ni kwamba vifo hivyo havipo, naomba kwa unyenyekevu nionyeshwe daftari lililotumika kuhesabu.

Wenu mtiifu,

Tabibu mstaafu
Ngara, Kagera